Kuchapisha kitabu mwenyewe: vyombo viko, mwandikaji aanze na msomaji wa nyumbani

Mwaka wa 1965, katika mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi ya boyi katika nyumba za Wazungu kilitoa kitabu cha historia ya mji wao. André Yav, aliyekitunga, alitumia Kiswahili kile kile watu wa mji walichokuwa wakisema. Kilipigwa kwa mashini na kutolewa nakala, bila nyumba yoyote kubwa ya kuchapisha nyuma yake. Kama leo kinajulikana, ni kwa sababu mtaalamu Johannes Fabian alikitoa upya mwaka wa 1990, huko Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Kuchapisha kitabu mwenyewe si jambo jipya katika Kongo, basi. Kilichobadilika ni vyombo. Mwandikaji wa Bunia ao wa Uvira aliye na ordinatere moja ya zamani anaweza kupanga kitabu chake kwa LibreOffice, programu isiyolipiwa, na kukitoa kwa PDF ao EPUB. Kwa vitabu vya watoto kuna Bloom, programu ya shirika la SIL: ukiisha kuipakua, inafanya kazi bila intaneti, na inapanga kurasa tayari kwa kukunjwa ziwe kijitabu. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika ya Kusini, unatoa hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa ndani, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichapa.

Kwa hiyo, neno la kwamba vitabu havitoki kwa sababu vyombo vinakosekana halisimami tena. Tatizo liko kwenye njia ambayo vijana wengi huikimbilia kwanza: kuweka kitabu kwenye Amazon na kungoja dunia inunue.

Inafaa kuifanya hesabu. Kwanza, orodha ya lugha ambazo Amazon inapokea kwa vitabu vya Kindle imekuwa kwa miaka na Kiafrikana, lakini Kiswahili hakimo, ingawa kinasemwa na mamilioni ya watu na UNESCO ilikipa siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Anayeandika kwa Kifaransa atapita, lakini na yeye angalie feza. Kitabu cha Kindle kinachouzwa chini ya dola 2,99 kinampa mwandikaji asilimia 35. Kwa kitabu cha dola 2, hiyo ni senti 70. Kikiuzwa Marekani, serikali ya huko inakata kodi ya asilimia 30 kwa mwandikaji wa Kongo, kwa kuwa inchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi. Zinabaki senti 49. Na hizo hazifiki kwa M-Pesa wala Airtel Money, zinapitia banki. Huko Goma na Bukavu, ambako banki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka wa 2025 baada ya waasi wa AFC/M23 kuingia, mwandikaji anaweza kuziona kwenye ekra bila kuzishika mkononi.

Tuseme sasa mwandikaji huyo anachapa nakala 50 katika nyumba ya kuchapa ya mji wake. Kama nakala moja inamgharimu dola 3 na anaiuza kwa dola 5, zikiisha zote amepata dola 100 za faida. Kwa senti 49, angepaswa kuuza nakala zaidi ya 200 kwa watu wasiomjua, katikati ya mamilioni ya vitabu vingine. Wanunuzi 50 wako karibu: wenzake wa masomo, walimu, parokia, kwaya, chama cha mtaa. Feza zinaingia siku hiyo hiyo kwa telefone.

Telefone yenyewe inafaa kutendewa kama duka. Katika Tanzania, watungaji wengi wa hadithi wanatoa sura za kwanza bure kwa Facebook ao WhatsApp, kiisha anayetaka mwendelezo analipa. Njia hiyo inafaa hapa pia, mradi faili liwe jepesi na herufi ziwe kubwa, maana msomaji ananunua mega kwa feza kidogo na anasoma kwenye ekra ndogo. Ni kweli, faili la WhatsApp linaweza kutumwa kwa watu kumi bila ruhusa. Ndiyo sababu ni vema kuuza sura kwa sura, na kuacha kitabu kizima kwa karatasi.

Kuna mitego miwili ya kuepuka. Wa kwanza ni nyumba za mbali zinazomwandikia kijana barua pepe, zikisifu kazi yake ya mwisho wa masomo, kiisha zinamwomba alipe ao anunue nakala zake mwenyewe. Hapo yeye si mwandikaji tena, ni mteja. Wa pili ni kuacha kazi yote mikononi mwa duka moja la intaneti. OkadaBooks ya Nigeria, iliyowasaidia waandikaji wengi wa Afrika tangu 2013, ilifungwa mwezi wa Novemba 2023. Aliyekuwa na faili zake nyumbani aliweza kuhamia kwingine. Kila mwandikaji ashike faili la asili katika fasi mbili ao tatu.

Na mashini zinazojiandikia? Tangu Septemba 2023, Amazon inamtaka mwandikaji aseme kama maandiko yametengenezwa na akili ya bandia, na ilipunguza idadi ya vitabu vipya ambavyo mtu mmoja anaweza kutoa kwa siku. Mashini hizo zinaweza kusaidia kuona herufi iliyoanguka. Lakini Kiswahili chao ni cha vitabu vya shule, hakina sauti ya soko la Kadutu wala ya watu wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi. Kusahihisha bado ni kazi ya mtu. Kama mwandikaji ana dola 50 tu, azitoe kwanza kwa mwalimu wa lugha atakayesoma kila ukurasa, ndipo afikirie jalada la rangi. Msomaji akikutana na makosa matano katika ukurasa wa kwanza, hatanunua kitabu cha pili.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya mwaka wa 1974 inadai kila kitabu kinachotolewa kiwekwe nakala mikononi mwa taifa, na sheria ya 1986 inalinda haki za mtungaji. Lakini Lubumbashi iko mbali na Kinshasa kwa kilometre zaidi ya 1.500, na mwandikaji anayetoa nakala 50 hawezi kulipa ndege ili apeleke nakala chache. Kila mji mkuu wa mkoa ungepaswa kuwa na ofisi moja ya kupokea vitabu hivyo na kutoa namba ya ISBN. Vyuo vikuu vya mikoa vinaweza kuanza leo, bila kungoja amri: kabati moja, daftari moja, mtu mmoja wa kuandika majina ya vitabu.

Katiba inakihesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Heshima hiyo haitaonekana kama watoto wa mashariki hawana kitabu cha kusoma kilichoandikwa na mtu wa kwao. Wale maboyi wa zamani wa Elisabethville walifanya sehemu yao kwa mashini ya kupigia herufi, na kitabu chao kiliokolewa na mgeni. Vitabu vya leo vinaweza kuwekwa salama na wenyeji wenyewe, wakianza na nakala 50.