Kwani Anakuja Nani?

Miaka michache iliyopita nilibeba kopo la udi kutoka Ng'ambo hadi kwenye nyumba moja ya ghorofa ndani ya Mji Mkongwe, na mpaka leo najuta. Udi ulikuwa wa shangazi yangu, kaupika mwenyewe. Msanii mgeni alikuwa akiandaa maonyesho ya harufu, na mimi, niliyekuwa nikijisifu kuwa na mguu mmoja kwenye sanaa na mmoja mtaani, nikajitolea kuwa daraja. Siku ya ufunguzi tukapanda ngazi mimi na shangazi, yeye kavaa buibui lake jipya. Ukumbi ulipakwa rangi nyeupe. Katikati kulikuwa na kichuguu cha karafuu juu ya kitambaa cheupe, na pembeni vyetezo vinne vikifuka moshi. Ukutani kibao: Harufu ya Zanzibar, jina la msanii, na chini kwa herufi ndogo, shukrani kwa wanawake wa mtaani.

Shangazi alizunguka mara moja. Akaniinamia sikioni: "Mbona wanachoma udi mchana kweupe? Kwani anakuja nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni ushamba wa bibi asiyejua maonyesho ni nini. Imenichukua muda mrefu kukubali kwamba siku ile, kati ya watu wote waliokuwa wameshika glasi za juisi na kutikisa vichwa, yeye peke yake ndiye aliyeihakiki kazi ile.

Kwake yeye udi huchomwa kwa sababu. Mgeni anakuja. Mtu karudi safari. Bibi harusi anafukizwa, nguo zake zinatandazwa juu ya kikapu kilichofunikia chetezo mpaka uzi uleweke. Kwenye maulidi chetezo kinapita mkono kwa mkono, kila mtu anajivutia moshi kwenye kanzu, nyuma yake anakuja mwenye mrashi na marashi ya mawaridi. Hata maiti haendi kaburini bila kafuri. Kila harufu ina mtu wake na saa yake. Kuuwasha udi ukumbini, saa nne asubuhi, kwa yeyote atakayelipa kiingilio, ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba yako mwenyewe.

Lugha yetu inalijua hili kuliko wasanii wetu. Jalala linanuka, bibi harusi ananukia. Tofauti ni ile -i- ndogo, ile ile inayogeuza kupika kuwa kupikia na kuimba kuwa kuimbia. Wanaisimu watanisamehe, lakini mimi naisoma hivi: kunuka kunajitosha, kunukia kunamtaka mtu wa upande wa pili. Vyetezo vile vinne havikumnukia mtu. Vilikuwa vinanuka tu, kwa gharama kubwa.

Sasa nisikilizwe vizuri. Sisemi harufu haina nafasi kwenye sanaa ya leo. Hegel alisema hivyo, akazifungulia mlango macho na masikio, akaziacha nje pua, ulimi na ngozi. Kwa karne mbili kumbi za Ulaya zimeishi na fikra hiyo, na wanaoivunja wanapigiwa makofi. Marcel Duchamp na wenzake walijaribu mapema, kwenye maonyesho ya Paris ya 1938, walipotundika magunia ya makaa darini na kukaanga kahawa mle mle ndani. Ernesto Neto wa Brazili alijaza karafuu, bizari nyembamba, manjano na pilipili kwenye mifuko ya kitambaa kinachovutika, akaining'iniza kutoka juu kama matone makubwa. Kazi yake ya 2002 niliyoipenda kuliko zote sijaiona, nimeiona picha yake tu, jambo ambalo kwa kazi ya kunusa ni kichekesho. Na Sissel Tolaas, Mnorwei anayeishi Berlin, mwaka 2006 alichukua harufu ya majasho ya wanaume wenye hofu kali, akaitia kwenye rangi ya ukuta huko Marekani. Unagusa ukuta, hofu ya mtu usiyemjua inakuingia puani. Hiyo naikubali bila ubishi. Ina mtu ndani yake, na inakufanya wewe uwe mtu wa upande wa pili, upende usipende.

Ninachokikataa ni hadithi kwamba jambo hili ni uvumbuzi, na kwamba sisi huku tuna malighafi tu. Yeye analeta wazo, sisi tunaleta gunia.

Nitasimulia kazi moja ya harufu, halafu mtu aniambie ni ukumbi gani duniani umewahi kuwa nayo. Mume wa shangazi alifariki nikiwa na miaka kumi na minne, naishi kwao. Shangazi akakaa eda miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliye edani hajipambi, hajitii manukato. Chetezo kikapandishwa juu ya kabati, kikafunikwa gazeti. Nyumba iliyonukia udi kila Alhamisi jioni tangu niijue ikabaki na harufu zake za chini, ambazo sikujua kama zilikuwepo: chokaa yenye unyevu, mafuta ya taa, vitunguu, shati la marehemu nyuma ya mlango. Nilikuwa nikitoka skuli nasimama kizingitini kama mtu aliyekosea nyumba. Siku ya mia moja na kitu, shangazi akaoga, akavaa kanga mpya, majirani wakaja, chetezo kikashuka. Moshi ulipopanda hakuna aliyezungumza. Halafu mmoja akaanza kulia, na hakuwa shangazi.

Miezi minne ya kutokuwepo, ili dakika moja ya moshi iwe na maana. Hiyo ni kazi yenye muundo, muda na hadhira inayoijua kanuni. Iliandaliwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wasanii, na wao wasingekubali jina hilo.

Turudi kwenye kichuguu cha karafuu, maana nacho kina uongo wake. Mgeni aliambiwa Zanzibar ni karafuu, na sisi ndio tuliomwambia, kila siku, kwenye ziara za viungo za Kizimbani na Kidichi, kwenye vipakiti vya duka la zawadi. Lakini karafuu nyingi ni za Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo kisiwa jirani ndicho kinachochuma na kuanika, na ndicho chenye kiwanda cha makonyo pale Wawi kinachokamua mafuta. Mpemba anaanika karafuu kwenye jamvi kando ya barabara, Mji Mkongwe unaiuza kwa jina lake. Na mkarafuu wenyewe ni mgeni, asili yake Maluku, uliopandwa kwa wingi hapa karne ya kumi na tisa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, lakini utumwa haukuondolewa kisheria hadi 1897, na wakati wote huo karafuu ilichumwa. Ukiiweka juu ya kitambaa cheupe bila ya hayo, unaitakasa. Livingstone alipopita hapa 1866 aliona mji unavunda kiasi cha kulifanyia mzaha jina lake. Alikuwa na dharau zake, lakini pua yake haikumdanganya: pwani ilikuwa jaa. Mji ule ule ulikuwa unavunda na kunukia kwa pamoja. Maonyesho ya leo yanachukua nusu moja.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu, vijana wa hapa mnaotaka kufanya kazi na harufu: acheni karafuu kwa miaka kumi. Itatusaidia. Nendeni Darajani kwenye papa mkavu, nendeni Malindi boti zinaposhusha samaki na mafuta ya dizeli yanapanda na chumvi. Nendeni Paje na Jambiani, simameni upande unakoelekea upepo mwani unapoanikwa, mnuse harufu ambayo wanawake wa huko wanarudi nayo nyumbani kwenye nywele na hoteli zinaikunjia uso. Hapo kuna ugomvi. Sanaa inapenda ugomvi.

Najua jibu la wakubwa zetu: mambo ya udi ni mambo ya wanawake, ya chumbani, si ya kujadiliwa. Wengine wanaongeza kuwa moshi unapotea, hauhifadhiki. Taarab nayo ilikuwa inapotea hewani kabla ya santuri, na hakuna aliyesema Siti binti Saad hakuwa msanii mpaka aliporekodiwa Bombay. Wazungu wenyewe wameshaelewa. Umoja wa Ulaya umetoa euro milioni 2.8 kwa mradi wa Odeuropa kutafuta na kuhifadhi harufu za kale za bara lao. Sisi harufu zetu bado zina wapishi walio hai, na tunawaandika kwa herufi ndogo chini ya kibao.

Ninachotaka ni kidogo. Mpishi wa udi alipwe kama msanii, si kama muuza duka. Aulizwe udi wake unachomwa lini na kwa ajili ya nani, na akisema si saa nne asubuhi, basi iwe si saa nne asubuhi. Akikataa kabisa, ukumbi ubaki mtupu, na utupu huo uandikwe kibaoni. Na jina lake liwepo.

Hapo kwenye jina ndipo aliponiangusha. Nilimsomea shangazi rasimu hii nikamwomba ruhusa ya kumtaja. "Jina langu la nini huko kwenye simu?" Akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho: "Lakini yule bwana angeniuliza. Na wewe ungeniuliza."

Kweli sikumuuliza. Nilimwambia tu kuna wageni wanataka udi, akadhani kuna harusi.

Sasa najifunza kuupika. Hana vipimo. Sukari inachemshwa mpaka ifikie mahali ambapo yeye anapajua kwa pua, ndipo vijiti vya udi vinaingia, halafu miski, ambari, marashi, kisha kopo linafungwa na kusubiri. Nilileta mizani ya jikoni akaitazama kama nimeleta mbuzi ndani. Mara mbili nimeunguza sukari, na mara zote mbili yeye alijua kutoka chumba cha pili kabla yangu mimi niliyesimama juu ya sufuria. Ameniambia nirudi Jumatano, nije na sukari kilo moja, na nisijipulizie manukato.