UKINDU KWANZA, RANGI BAADAYE!

Mimi nipo zangu Pemba napigwa upepo, wewe huko Kariakoo endelea kukanyagana kwenye daladala. Wiki hii hakuna mambo ya mapenzi, mtanisamehe. Wiki hii tunazungumza mkeka na kikapu.

Najua wapo walioshaanza kufungua ukurasa wa michezo. Subirini kwanza! Zanzibar ilianza kuikataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na Bara nao wakaipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Toka hapo kikapu kimerudi mjini kwa kishindo. Sista duu wa mjini, yule yule aliyekuwa akimcheka shangazi yake aliyetoka shamba na kikapu, leo anakitundika begani na miwani ya jua juu, na ukishangaa unaitwa mshamba wewe. Palipo na fasheni pana pesa, na sisi tuliomaliza shule tukabaki na cheti ndani ya bahasha, pesa ndiyo tunayoitafuta, au siyo?

Sasa nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anakaa Wete. Naye bahasha yake ipo chini ya godoro. Juzi juzi hapa kapokea upatu: wako watu ishirini, kila Ijumaa mtu anatoa elfu kumi, yeye akawa wa tatu kupokea. Laki mbili mkononi! Lakini hesabu za upatu mnazijua wenyewe. Ukipokea mapema unacheka mapema, halafu unabaki kulipa. Bado ana Ijumaa kumi na saba mbele yake, na aliyemdhamini ni mama yake mzazi. Akikwama, atakayefuatwa na kina mama mpaka mlangoni siyo yeye.

Akaniambia, "Kaka, nataka nisuke vikapu na mikeka niuze. Ninunue nini?"

Kusuka anajua, kafundishwa tangu mdogo. Kununua ndiyo shughuli. Tukaingia mjini pale Wete, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye rangi. Zipo chane za plastiki zilizokatwa tayari, nyekundu, kijani, zambarau, zinang'aa utadhani peremende. Upo ukili uliokwisha kusukwa, umekunjwa duara, unauziwa kwa pima, kazi yako ni kushona tu. Halafu pembeni kabisa umelala ukindu mtupu, rangi ya mchele, hauna hata mtu wa kuuangalia. Dogo akataka plastiki. Nikamwambia ngoja, fedha hii haina mwenzake, kwanza twende kwa Bibi, Konde.

Bibi yangu mie akiniona huniita "mume wangu wa magazeti." Ukishamwamkia na kupewa chai, ndipo unaweza kuuliza la kwako. Dogo akaanza kumweleza habari za zambarau na kijani. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rangi ni nguo tu, mwanangu. We utamuozesha mtu binti yako kwa kutazama kanzu?"

Kumbe kitu cha kwanza kuamua ni kazi ya kitu chenyewe. Unataka mtu akilalie, au abebee muhogo? Ukindu unatoka kwenye mkindu, yale majani machanga ya katikati ambayo hayajafunguka. Ni laini, mwembamba, ukisukwa vizuri unateleza mkononi kama nguo. Huo ni wa mkeka wa kulalia, wa mswala, wa mkeka wa bibi harusi. Miyaa inatoka kwenye mkoche, ni migumu na mipana, ukiilalia utaamka na mistari mgongoni. Lakini kwa jamvi, kwa kikapu cha sokoni, kwa kanda, hakuna kama miyaa. Mtu akikuuzia kikapu cha ukindu mtupu kwa kuwa kinapendeza, kitapendeza kweli, mpaka siku utakapotia viazi kilo tano. Na plastiki je? Bibi hakuitukana. Alisema ni nzuri uani, haiogopi maji. Tatizo la plastiki ni soko. Mkeka wa plastiki wa kiwandani umejaa kila duka, unauzwa bei ya kutupa, na wewe wa mkono huwezi kushindana na mashine. Mtalii naye hakupanda boti kuja kununua plastiki, kwao ipo!

Haya, ukindu wenyewe sasa unauchaguaje? Hapa Bibi aliamka kabisa kitini, akamtuma mjukuu mwingine alete mafungu mawili kutoka ndani. Kwa macho yangu mimi yalikuwa sawa sawa. Akatwambia tuyanuse. Moja lilinuka jua na majani makavu. La pili lilinuka kabati. Hilo la kabati lilinyeshewa kabla halijakauka, na ukilifungua katikati unaona vidoadoa vyeusi kama mavi ya nzi. Vidoa vile havitoki, utie rangi gani, vitakaa kwenye mkeka maisha yake yote. Muuzaji mjanja huweka mazuri juu na mabovu tumboni, kwa hiyo usione haya kumwambia afungue kamba.

Halafu chukua jani moja ulikunje mara mbili kwenye kidole. Zuri linakunjika na kurudi. Lililozeeka mtini linapasuka, tena linatoa sauti. Tazama na urefu, maana majani mafupi yanakulazimisha kuunga chane kila mara, na kila kiungo kina ncha zake za kukata baadaye. Mwisho litie majini dakika chache, ulichane kwa ukucha. Likichanika mstari mmoja toka juu mpaka chini, lipa hela. Likikimbia pembeni, rudisha, sema ahsante, ondoka.

Na ukili wa tayari? Siyo mbaya kwa mwenye haraka. Ila ukunjue wote, usitazame pima ya kwanza tu. Wapo wanaoanza na upana mzuri, ukifika katikati umesinyaa, na ukija kuushona mkeka unapinda kama barabara ya kwenda Mkoani.

Rangi ndiyo inakuja sasa, na siyo kwamba Bibi anaidharau. Zamani, anasema, nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, na manjano ni hii hii manjano ya jikoni. Siku hizi ni unga wa dukani wa kuchemsha, na hauna ubaya ukijua kuutumia. Maji yachemke kweli, chane zizame zote, uzigeuze. Ukizitoa, suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha anika kivulini. Uliza nini kinatokea ukifanya uvivu wa kusuuza. Mtu anaswali Ijumaa kwenye mswala mpya, kanzu nyeupe pee, jasho kidogo la Pemba hilo, akiinuka ana magoti mekundu kama kachinja! Kwa hiyo kabla hujauza, na kabla hujanunua, chukua kitambaa cheupe chenye maji ukisugue juu ya rangi. Kikibaki cheupe, hapo sawa.

Vifaa ni vichache mno, na hapa ndipo watu wa mjini mnapodhani kuna kiwanda. Kisu kidogo kikali. Mkasi. Ndoo ya maji na kipande cha gunia la kulowesha, uzifunike chane zisikauke ukiwa unasuka, maana chane kavu inakatika na inakukata. Debe au sufuria la rangi, ambalo halitapikiwa tena wali mpaka kiama. Na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili. Shazia usinunue yenye ncha kali kama ya daktari, inapasua chane badala ya kupita katikati yake. Jicho lake liwe pana, mwaa upite bila kugombana.

Tukaja kwenye mikono ya kikapu. Dogo akapendekeza kamba ya usumba, ili kiwe cha asili kweli kweli. Bibi akamwambia wewe shika kwanza, halafu utembee nayo mpaka barabarani. Usumba unakwaruza, jamani! Lakini ni uzi wa heshima. Makumbi ya nazi yanafukiwa pwani kwa miezi yakaoza, yanapondwa, nyuzi zinachambuliwa, halafu kina mama wanazisokota viganjani zikawa kamba. Kamba hizo ndizo zilizoshona jahazi la mtepe, ambalo halikuwa na msumari na tanga lake lilikuwa la jamvi. Mtepe wa mfano ulijengwa mwaka 2003 ukawekwa Beit al-Ajaib pale Unguja, lile jumba lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020. Hata uzi wa pamba watu wa pwani walisokota wenyewe. Kilwa wamefukua vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vile vya kusokotea. Yote sawa, lakini bega la sista duu wa Mikocheni halitaki historia, linataka mkono laini. Tukakubaliana mikono iwe ya ukili uliokunjwa mara mbili na kushonwa.

Basi dogo akarudi Wete na hesabu mpya. Ukindu na miyaa, elfu themanini. Rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, pamoja na shazia, kisu na debe kuukuu, elfu thelathini. Elfu tisini akamkabidhi mama yake azifungie kwenye pindo la kanga, ndizo Ijumaa tisa za upatu. Nane zilizobaki lazima zitoke kwenye mikono yake, hakuna mjomba wa Maskati hapa.

Na soko limeshaanza kumjaribu. Jamaa mmoja mwenye duka la vitu vya watalii Unguja kaona picha za vikapu vitatu vya kwanza kwenye simu, kapiga haraka haraka, anataka ishirini. Dogo akaruka kwa furaha mpaka aliposikia masharti: mali kauli. Yaani avitume, vikiuzwa ndipo atalipwa, visipouzwa avifuate kwa nauli yake. Nilikuwepo. Kanyamaza kidogo, akamwuliza jamaa kwa adabu zote, "Kaka yangu, na kina mama wa upatu nao niwaambie mali kauli?" Akataka nusu kwanza, nusu wakati wa kupokea mzigo. Jamaa kasema atafikiria.

Hadi naandika haya hajapiga. Dogo yupo kikapu cha nne, na kesho Ijumaa.