Kaske ya studio ilisikia komunike, redio ndogo haikusikia kitu

Mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Fataki, katika wilaya ya Djugu, alinikuta kwenye lango la redio moja hapa Bunia ambayo ninaitumia habari mara kwa mara. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Papa, ile komunike yangu mulisoma kweli? Siku mbili tunafungua redio. Tunasikia musiki, kisha kimya, kisha musiki tena."

Komunike yake ilikuwa ya kutafuta mtoto. Walipotezana njiani watu walipokuwa wanakimbia. Niliingia ndani kumuuliza fundi wa sauti. Alinionyesha daftari: imesomwa asubuhi na jioni, siku zote mbili, na sahihi iko. Kisha akanivalisha kaske yake, ile kubwa ya studio, akapiga komunike kwenye ordinateri. Sauti ya mtangazaji ilikuwa safi: jina la mtoto, umri, nguo alizovaa, namba ya simu. Tukatoka nje, tukaomba redio ndogo ya mlinzi, fundi mwingine akairusha tena. Mnong'ono kidogo kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, basi. Mama alikuwa amesema kweli.

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia fundi na watangazaji wetu wakisema "kwangu kwenye kaske ilikuwa nzuri". Hawadanganyi. Lakini kaske ya studio, hata ikiwa ya bei kali, haina sauti moja. Inabadilika kufuatana na mashine unayoichomeka. Na wahami hawana kaske ya studio. Wana redio ya batri mbili, bafle moja ndogo kama kifuniko cha chupa, au simu iliyowekwa ndani ya kikombe ili isikike na watu kumi.

Tuanze na nguvu. Kila kaske ina kipimo chake cha ukinzani kinachohesabiwa kwa ohm, na mara nyingi kimeandikwa kwenye kaske yenyewe au kwenye karatasi yake. Sony MDR-7506, ambayo mafundi wengi wa redio duniani wanaijua, ina ohm 63. Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa kwa aina kadhaa, na ndipo watu wanapotea: iko ya ohm 32, iko ya 80, iko ya 250. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukichomeka ile ya 250 kwenye konsole yenye nguvu, inaimba vizuri. Uichomeke kwenye simu au kwenye diktafoni ndogo ya kwenda nayo kambini, sauti inakuwa ndogo, kwa sababu mashine ya batri ndogo haina volti za kutosha kuisukuma.

Mtaniuliza, hiyo inamdhuru nani? Inamdhuru msikilizaji, na nimeiona kwa macho yangu. Mwenzetu mmoja alienda kurekodi mkuu wa kambi akitangaza siku na saa ya kugawa unga. Alivaa kaske ya ohm 250 kwenye diktafoni. Alisikia sauti ndogo, akadhani mkuu anaongea mbali na mikro. Badala ya kuongeza sauti ya kaske, ambayo ilikuwa imeshafika mwisho, akaongeza kiasi cha kurekodi. Taa nyekundu ikawaka, lakini jua lilikuwa kali na hakuiona. Tuliporudi, sauti ilikuwa imepasuka kama karatasi ya mabati kwenye upepo. Watu wakabishana kama mkuu alisema saa tatu au saa tano. Mama anayeacha watoto na kutembea kwa miguu hadi mahali pa kugawa hawezi kuambiwa "karibu na hapo".

Jambo la pili ni gumu zaidi, maana hata ukipata nguvu ya kutosha bado sauti inaweza kubadilika rangi. Tundu la kaske kwenye mashine nalo lina ukinzani wake. Kwenye mashine nzuri ni mdogo sana. Mafundi wana kanuni yao: ohm za tundu zisizidi moja ya nane ya ohm za kaske. Konsole nyingi za zamani, na nyingine za bei rahisi, haziheshimu kanuni hiyo. Kaske nyingi za kawaida hazina ukinzani ule ule kwa kila sauti. Unapanda pale kwenye besi. Ukiichomeka kwenye tundu lenye ohm nyingi, besi inavimba. Mtangazaji anajisikia ana sauti nzito ya mkubwa wa serikali, na anafurahi. Fundi naye, akisikia besi imezidi, anaikata kwenye konsole. Lakini besi ile haikuwa ndani ya sauti ya mtangazaji. Ilikuwa imetengenezwa na ndoa mbaya kati ya kaske na tundu. Kwa hiyo fundi amekata kitu ambacho hakikuwepo, na redio ndogo, ambayo tangu mwanzo haina besi, inapokea sauti nyembamba inayokwaruza sikio. Wazee wanazima.

Kuna pia mashine zinazopamba. Simu nyingi zina programu ya kuongeza utamu wa musiki, na wenyewe wamesahau kama waliiwasha. Ukisikiliza habari yako kwenye simu ya namna hiyo unasikiliza vipodozi. Kaske zisizo na waya nazo, za Bluetooth, zinachelewesha sauti kidogo. Kwa kusikiliza nyimbo hakuna shida, lakini mtangazaji anayejisikia mwenyewe akiwa amechelewa anaanza kugugumia, na watu wanadhani amelewa. Halafu mngurumo: kaske ikiwa kwenye ordinateri iliyochomekwa kwenye chaja, na chaja kwenye jenereta, mara nyingi unasikia nzi wakubwa ndani ya masikio. Chomoa chaja, acha ordinateri itumie batri yake. Nzi wakinyamaza, umejua mahali walipotokea. Wasiponyamaza, tafuta waya.

Sasa turudi kwa yule mama, maana pale kosa lilikuwa la waya.

Diktafoni ya redio ile ilikuwa imeharibika tundu lake la mikro. Fundi, ambaye ni kijana mwenye bidii, akatafuta njia: akatoa sauti kwenye konsole kwa waya wenye fishi kubwa ya pini tatu upande mmoja na fishi ndogo ya stereo upande mwingine, akaingiza kwenye diktafoni. Waya huo ulikuwa umekuja ndani ya sanduku la msaada, kati ya vitu vingine ambavyo hakuna aliyeeleza kazi yake. Fishi ya pini tatu inabeba sauti mara mbili: pini moja inaibeba jinsi ilivyo, nyingine inaibeba ikiwa imegeuzwa, juu ikawa chini na chini ikawa juu. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili kelele za njiani zifutwe upande wa pili. Lakini diktafoni haikujua hayo. Iliweka pini moja sikio la kushoto na ile iliyogeuzwa sikio la kulia.

Kwenye kaske, kila sikio linapata upande wake, na masikio mawili hayafutani. Sauti inasikika. Mtu aliyezoea atahisi kitu kigeni, sauti haikai katikati ya kichwa, inaelea pembeni, lakini fundi wetu alikuwa na komunike kumi na mbili za kupanga kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ilipofika kwenye mtambo wa kurusha, unaotuma mono, pande mbili zilijumlishwa kuwa moja. Moja ikipanda, nyingine inashuka kwa kipimo kile kile. Jumla yake ni karibu sifuri. Musiki ulipita salama kwa sababu ulitoka moja kwa moja kwenye ordinateri. Mtangazaji wa moja kwa moja alipita salama. Komunike zilizorekodiwa kwa waya ule, zote, zilikufa njiani.

Kibaya zaidi, hata kaske nyingine isingetusaidia. Ukileta ya dola mia tano ungesikia vilevile: safi. Chombo pekee kilichoweza kusema ukweli kilikuwa redio ya mlinzi, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mlango wa batri umevunjika.

Najua fundi watanijibu. Watasema bila kaske huwezi kusikia upepo kwenye mikro, waya unaokatika, au pumzi ya mtu aliye karibu mno. Na ndani ya studio huwezi kufungulia bafle mbele ya mikro bila kupata ule mlio wa kupasua kichwa. Ni kweli, na sisemi kaske zitupwe. Ninasema kazi ya kaske ni kukuonyesha uchafu wakati unarekodi. Haina haki ya kupitisha komunike. Mwenye kupitisha awe redio ya aina ile ile walizo nazo watu kambini, inayosikiliza kilicho hewani na siyo kilicho kwenye ordinateri. Na mtu aisikilize akiwa nje, penye kelele za pikipiki, sauti ikiwa ndogo, kama mtu anayehurumia batri zake.

Kwa mashirika yanayosaidia redio za jamii nina neno moja pia. Mnaleta kaske nzuri, tunashukuru. Lakini kabla ya kununua ulizeni itachomekwa wapi. Kama ni kwa mwandishi anayetembea na simu au diktafoni, leteni ya ohm 32 au karibu na hapo, na fishi yake ya kubadilishia iwe imara, kwa sababu fishi isiyoingia hadi mwisho inaweza kufuta sauti ya katikati na kukuachia mwangwi tu. Kama ni ya studio, angalieni kwanza konsole iliyopo. Na ndani ya sanduku wekeni redio ndogo mbili za sokoni. Kwa bei ya kaske moja ya studio zitapatikana hizo na batri zake za kutosha.

Jioni ile ile mtangazaji alisoma komunike ya mama moja kwa moja kwenye mikro, bila kurekodi, mara tatu. Mama alikaa uani na redio ya mlinzi kwenye mapaja. Siku iliyofuata simu ililia kutoka kambi nyingine, si mbali na mji. Familia moja ilikuwa imemchukua mtoto njiani na inamtunza. Walikuwa na redio, na walikuwa wanaifungua kila jioni kwa ajili ya komunike. Walisema wamekuwa wakisikia musiki, kisha kimya, wakadhani batri zimekwisha, wakanunua mpya.

Waya ule fundi ameufunga kitambaa chekundu na kuutundika ukutani ili asiyejua asiuguse. Redio ya mlinzi imerudi kwa mlinzi. Ya studio bado haijanunuliwa; nilipouliza juma hili, niliambiwa iko kwenye orodha.