Kochi la Zamani Halina Kosa

Bonasi ya chai ikishalipwa, kati ya Septemba na Oktoba, barabara za Meru na Embu hujaa makochi. Utayaona yamepangwa kando ya lami yakiwa yamefunikwa nailoni yasiingie vumbi, na mengine yamefungwa juu ya pikapu yakipelekwa kwa mkulima wa Mungania au wa Githongo. Hakuna ubaya wowote mtu kununua kiti kwa jasho lake. Kinachoniuma ni kochi la zamani linalotolewa sebuleni siku hiyohiyo. Linawekwa nyuma ya jikoni, kuku wanalilalia, na Krismasi ikifika limeshapasuliwa kuni. Mengi kati ya hayo yangekaliwa miaka mingine ishirini kama yangeshonwa upya. Yameponzwa na maneno yanayorudiwa kila mahali, kuanzia sokoni Gakoromone hadi kwenye vikao vya jamaa, na hakuna anayeuliza kama ni ya kweli.

Neno linaloangamiza makochi mengi kuliko yote ni hili: kushona la zamani ni kutupa pesa, heri uongezee kidogo upate jipya.

Uongezee upate nini? Muuzaji atakuonyesha kitambaa, atakubonyezea mto, atakuhesabia watu wa kukaa: la watano, la saba. Mbao hatakuonyesha, maana zimeshafungwa ndani, na uhai wote wa kochi uko kwenye mbao. Ukipata nafasi, geuza kochi lililotengenezwa Meru miaka ya 70 au 80, ung'oe kile kitambaa cha chini. Mara nyingi utakuta muuru, mti wa miteremko ya Mlima Kenya ambao wenye karakana huuita Meru oak, au podo, au mkaratusi uliokauka hadi msumari unakataa kuingia. Pale mguu unapokutana na ubao wa mbele, fundi alichonga ulimi akauingiza kwenye tundu, akatia gundi, akakaza kwa kabari. Juu yake kuna spiringi zilizofungwa kwa kamba ya katani, kila moja imeshikana na jirani zake pande zote nne. Zimefunikwa gunia, gunia likafunikwa nyuzi za makumbi, na sponji ikaja mwisho kabisa. Ile kamba ya katani ikikatika, ndipo mwenye nyumba husema kochi limekufa, ingawa kamba mpya na saa chache za fundi zinatosha kulirudisha.

Sasa geuza jipya la bei ya kando ya barabara. Si yote, kwa sababu wapo mafundi Embu mjini wanaotengeneza kazi ya heshima na kutoza bei ya heshima. Lakini mengi utakuta mbao nyembamba zilizogonganishwa kwa misumari, kona hazina kibao cha kuzikaza, mgongo ni katoni iliyopigwa stepla, na kikalio kimebebwa na vipande vya tyubu ya gari vilivyovutwa huku na huku. Mpira huo unalegea, na ukishalegea mto wote unazama katikati hata kama sponji bado ni nzima.

Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa mafundi wa leo. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 90, lakini ilidumu zaidi ya miaka mitano, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Muda wote huo seremala alitegemea miti ya mashambani, yaani mkaratusi na mukima, ule mti wa asili ya Australia ambao wazee walipanda uwe kivuli cha kahawa. Mukima si mti mbaya. Mbao zake zikipangwa kivulini zikapitisha upepo miezi kadhaa, zinatoa fremu nzuri. Ila mnunuzi ana haraka, bonasi imeingia, na mti uliokuwa umesimama shambani juzi unapasuliwa leo na wiki ijayo uko ndani ya sofa. Mbao hizo zinaendelea kukauka zikiwa zimeshapigiliwa. Zinanywea, zinajipinda, msumari unabaki ukicheza kwenye tundu lake, na kochi linaanza kulia kila mtu anapokaa. Kwa hiyo anayebadilisha kochi la zamani kwa jipya la bei ile mara nyingi ametoa mbao zilizokauka miaka arobaini akapokea mbao mbichi.

Kabla ya kuamua, pima mwenyewe. Inua kona moja ya mbele ya kochi hadi kimo cha kiganja kilichosimama. Mguu wa pili wa mbele ukifuata mara moja, fremu ni nzima. Ukibaki sakafuni huku kona uliyoshika ikizidi kupanda, viungo vimelegea na vinataka kufunguliwa na kutiwa gundi upya, kazi ambayo fundi yeyote wa makochi anaijua. Kisha tazama sakafuni kama kuna unga laini wa mbao. Huo ni wa dumuzi, na kama umetapakaa chini ya kila mguu na kisu kinazama kwenye ubao bila nguvu, hapo nakubaliana na wanaosema liachwe. Ni hali hiyo tu ninayoikubali.

Neno la pili linahusu sponji: mwenye duka ameshasema ni hai densiti, basi yatosha, na kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo itakavyodumu.

Ugumu na uzito ni vitu viwili. Kiwandani sponji hutengenezwa kwa kemikali zinazofura, na mwenye kiwanda anaweza kuifanya ngumu bila kuongeza mali ndani yake. Ukiibonyeza dukani inakurudishia mkono kwa nguvu, nawe unaridhika. Baada ya miezi michache vyumba vyake vya hewa vimevunjika na katikati ya mto pamebaki bonde. Kinachodumu ni wingi wa mali ndani ya ujazo, nao hupimwa kwa kilo kwa kila mita ya ujazo. Huna haja ya maabara, mizani ya duka la nyama inatosha. Mto wa kikalio wenye upana wa sentimita 60 kila upande na unene wa sentimita 12 na nusu una ujazo wa mita za ujazo 0.045. Sponji ya kilo 18 kwa mita ya ujazo itakupa mto wa gramu 810. Ya kilo 30 itakupa kilo moja na gramu 350. Tofauti ya zaidi ya nusu kilo hata mkono mtupu unaihisi. Mwambie muuzaji apime, na akikataa, tafuta duka lingine.

Mizani yaweza kudanganywa, kwa mfano na sponji ya vipande vilivyosagwa na kubanwa pamoja. Hiyo ni nzito, na ukitazama ubavu wake uliokatwa utaona madoa ya rangi nyingi. Inafaa kuwa tabaka la chini, lakini ukiikalia peke yake ni kama benchi la kanisa.

Duka la sponji halikwambii habari ya moto, nami naomba isomwe kwa makini na kila mwenye mshumaa au koroboi karibu na kochi. Sponji hii ni polyurethane, kizazi cha kemia iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937. Inashika moto haraka, na moshi wake una sumu inayoweza kumwangusha mtu kabla miale haijamfikia. Mei 1979 duka la Woolworths mjini Manchester, Uingereza, liliungua moto ulioanzia kwenye fanicha zenye sponji ya aina hii, wakafa watu kumi. Waingereza walitunga kanuni za moto za fanicha mwaka 1988. Wewe ukishona kochi upya, chagua kitambaa kilichofumwa kwa kushikamana, kisichokuwa na manyoya marefu, na usiruhusu sponji iachwe wazi upande wa chini au wa nyuma. Hiyo ni kinga ndogo na haigharimu chochote cha ziada, ila koroboi ikae mbali vilevile.

Halafu kuna neno la leza: leza haichakai, unafuta tu.

Kinachouzwa kwa jina hilo mara nyingi si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki, nazo plastiki zake hazifanani. Ile ya PVC, ambayo wazee wanaiita reksini, inakauka kadiri miaka inavyopita, hasa ikipigwa na jua la dirishani, halafu inapasuka kwenye mikunjo. Ile laini ya polyurethane inaharibiwa na unyevu na jasho. Inaanza kubanduka magamba pale vichwa na mikono inapoegemea, na ikishaanza haina dawa. Hebu fikiria mahali tunapoishi. Kianjokoma na Timau kuna ukungu na baridi Julai nzima, wakati Siakago na Ishiara joto linamgandisha mtu kwenye kiti. Kwa sebule za namna hiyo kitambaa kizito cha kufumwa kinashinda, kwa sababu kinapumua, na kikishonewa zipu kinavuliwa na kufuliwa. Ukiitaka leza lazima, geuza upande wa nyuma. Ukikuta kitambaa kinene kilichofumwa, angalau plastiki ina kitu cha kushikilia. Ukikuta utando mwembamba unaovutika kwa vidole, rudisha.

Mahali pa reksini ni kwenye matatu, ambapo abiria mia wanapanda na kushuka kwa siku na tope la Meru linaingia na kila kiatu. Wenye magari wengi wanasema kiti cha matatu kishonwe kwa vyovyote, almradi kinang'aa. Sikubaliani nao. Kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda ya usalama kwa kila abiria, na kiti kikishonwa ovyo, kifungio cha mkanda kinazikwa chini ya sponji mpya na hakuna anayekifikia tena. Barabara ya Embu kwenda Meru ina kona na mabonde ya mito mingi mno mtu kusafiri hivyo. Fundi aache nafasi ya mkanda kabla hajakata kitambaa.

Kuhusu kunguni sitasema mengi. Wanaosema kochi la zamani litupwe kwa ajili ya kunguni wamesahau kwamba mdudu huyo hajali umri wa kiti. Anaingia na mgeni, na mkoba, na hata kochi jipya lililolala ghalani karibu na godoro bovu. Anajificha kwenye mishono na kwenye nyufa za mbao, na mahali hapo hufikiwa vizuri tu kiti kikiwa kimevuliwa kila kitu. Joto la zaidi ya nyuzi 50 linamuua pamoja na mayai yake, kwa hiyo maji yanayochemka yapitishwe kwenye viungo fremu ikiwa uchi, kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Kitambaa cha zamani kichomwe, kisipewe mtu.

Limebaki lile linalonikera kuliko yote, kwamba mafundi wa jua kali ni wakora, watakuwekea matakataka ndani na hutajua.

Wapo wabaya, kama walivyo katika kila kazi. Lakini ninaowajua Majengo ya Embu na Makutano ya Meru wanapiga stepla tangu alfajiri, vidole vimejaa makovu ya sindano, na wengi wao walifundishwa na fundi mwingine kwa miaka, bila cheti. Aliye na cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, akuonyeshe, ila asiye nacho usimhukumu kwa hilo. Mhukumu kwa kazi, na uhakikishe unaiona. Vifaa nunua wewe: sponji uliyoipima, kitambaa ulichokigeuza, na uzi wa polista badala ya pamba. Jua na unyevu humaliza pamba mapema na mshono unafumuka kitambaa kikiwa bado kizima. Malipo yagawe mara tatu. Ya kwanza ni ya kuanza, ya pili utoe fremu ikiwa wazi na viungo vimekazwa, ya mwisho kazi ikikamilika.

Sharti moja usilegeze: kitambaa cha zamani kiondolewe chote. Kuna tabia ya kuvalisha kipya juu ya kile cha zamani ili kuokoa saa mbili za kung'oa pini, na hapo ndipo dumuzi, kunguni na spiringi iliyokatika vinapofunikwa pamoja. Nenda siku ya kuvua, usingoje siku ya kuchukua. Na kabla hujalipa baki, kalia kila mto, sogea hadi ukingoni, egemea mkono wa kulia na wa kushoto, usikilize kama mbao zinalia. Zikilia, fundi afungue tena ukiwa hapohapo.