Falsafa Haisomwi kwa Macho Peke Yake

Hakuna anayefundisha kuogelea kwa ubao na chaki. Tungemcheka. Lakini mwalimu wa falsafa anaweza kuifundisha Yoga Sutra ya Patanjali muhula mzima, wanafunzi wakiandika kila neno, asiwaambie hata mara moja wafumbe macho na kuifuatilia pumzi yao. Huyo hatumcheki. Tunamwita msomi.

Nasema ni kosa, tena si dogo. Kitabu hicho ni mkusanyiko wa kauli fupi fupi, takriban 195, na kinamchukulia msomaji kuwa mtu wa mazoezi. Mwanzoni kabisa Patanjali anaeleza kuwa yoga ni kuituliza misukosuko ya akili. Kisha anasema zoezi hukomaa likifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo. Kuzichambua kauli hizo bila kufanya lolote ni kusoma cheti cha daktari ukaiacha dawa dukani.

Chukua swali la nafsi. Mwaka 1739 David Hume aliandika kwamba kila alipojichungulia ndani hakuikuta nafsi. Alikuta hisia tu, za joto au baridi, za mapenzi au chuki. Wabuddha walikuwa wamesema jambo la jirani na hilo karne nyingi kabla yake. Darasani tunabishana saa nzima kama Hume alikosea. Nani kati yetu amejichungulia? Keti dakika kumi, uhesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha uanze tena. Huenda hata tano hujafika, ukajikuta sokoni, au unagombana na mtu ambaye hayupo. Nani kakupeleka huko? Hukuamua kwenda. Hapo swali linaacha kuwa la mtihani, linakuwa lako.

Wapo watakaosema hiyo ni dini, si falsafa. Basi wamuulize Descartes. Mwaka 1641 alikiita kitabu chake Tafakuri, akakigawa katika tafakuri sita, na akamtaka msomaji atafakari pamoja naye. Naye Pierre Hadot, Mfaransa mwenzake wa karne ya 20, alionyesha kwa miaka mingi kwamba kwa Wagiriki na Warumi wa kale falsafa ilikuwa mazoezi ya kuishi kabla ya kuwa somo.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi: utulivu si hoja. Kweli. Mtu anaweza kuketi miaka ishirini akainuka na upuuzi. Zoezi halithibitishi kitu. Linatupa cha kujadili, kama maabara inavyompa mwanakemia. Kwa hiyo tukishaketi, tubishane tena, kwa ukali uleule.

Wenye kumbi za yoga nao wasishangilie. Ni kauli tatu tu za Patanjali zinazohusu mkao wa mwili, na anachotaka ni mkao thabiti na wa raha. Kabla ya mkao ametanguliza kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kutojilimbikizia mali. Anayefundisha kupinda mgongo na kuyaacha hayo ameuza kifuu, nazi akaitupa.

Ninachodai ni kidogo. Kila somo la falsafa ya yoga litengewe nusu saa ya kuketi kila wiki. Iwe kwa hiari, maana wapo ambao ukimya huwaamshia maumivu wasiyoyaweza peke yao. Mtihani usipime nani katulia. Upime nani anaweza kueleza alichokiona na kukitetea mbele ya wanaombishia.

Na wewe msomaji, usiningoje mimi wala chuo. Chagua kutodhuru, siku moja tu, kwa ulimi tu. Jioni, hesabu umejizuia mara ngapi na umeshindwa mara ngapi. Kisha kifungue kitabu.