Kuvuma na Kuvumishiwa: Kifo cha Mbaraka Mwinshehe na Deni la Kalamu

Kitenzi "vuma" katika Kiswahili kina watoto wawili wasiofanana tabia. Upepo huvuma, ngoma huvuma, nyuki huvuma. Na mtu aliyejulikana kwa kazi yake tunasema amevuma. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo. Kutokana na mzizi uo huo tumepata pia neno "uvumi", yaani habari isiyo na mwenyewe, ipitayo mdomo hadi mdomo bila mtu wa kuulizwa. Sifa na fununu zimetoka tumbo moja. Aliyevuma akiwa hai, akiisha kufa huvumishiwa. Na mara nyingi mtoto wa pili humla wa kwanza.

Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili katika muziki wetu wa dansi kuliko kifo cha Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Litaje jina lake penye watu wa makamo, na baada ya dakika chache za kusifu vidole vyake, mazungumzo yatageuka. Sauti zitashuka. Atajitokeza mmoja wa kusema kwamba kifo kile "hakikuwa cha bure", wa pili ataitikia kwa kichwa, na hapo gitaa litakuwa limenyamaza. Nimeyasikia mazungumzo haya mara nyingi kiasi kwamba najua yatakapopinda kona. Maoni yangu ni haya: tumemfanyia marehemu huyu dhuluma, na sehemu ya dhuluma hiyo imetokana na jinsi tunavyoitumia lugha yetu.

Tuanze na yaliyo thabiti. Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz Band, akapanda hadi kuwa mpiga solo, mtunzi na mwimbaji aliyeibeba bendi mabegani. Mwaka 1970 bendi hiyo ilipelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 aliondoka akaunda Orchestra Super Volcano. Wimbo wake "Shida" ulipotoka, haukuwajali wenye mipaka. Uliimbwa Tanga kama ulivyoimbwa Mombasa na Nairobi. Januari 1979, akiwa Kenya, alifariki baada ya ajali ya gari, Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Alirudishwa akazikwa kwao Mzenga.

Hata katika muhtasari huu mfupi pana ufa. Waandishi wengine hutaja tarehe 12 Januari kuwa siku ya kifo, wengine 13. Naomba msomaji aupime ufa huo. Jamii ambayo haijakubaliana juu ya siku aliyokufa msanii wake mkuu inathubutuje kusimulia kwa yakini ni nani aliyemtilia fitina, kwa sababu gani, na kwa njia ipi? Tarehe hutazamwa katika cheti, fitina haitazamwi popote. Tumeshindwa lililo jepesi, tukajigamba kwa lililo zito.

Uvumi huu haukuota jangwani. Mapema mwaka 1977 Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Januari 1979 Tanzania ilikuwa vitani na majeshi ya Idi Amin; masikio ya nchi yalielekezwa Kagera. Bara hapakuwa na televisheni. Habari ya msiba ilifika kwa redio, kwa sentensi chache, kutoka nchi jirani ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuiendea akaone kwa macho yake. Penye sentensi chache na majonzi mengi, watu hujaza wenyewe.

Wapo waliouliza, na hadi leo huuliza: alifuata nini huko, ilhali mpaka umefungwa? Swali hili huulizwa kwa namna ya kudokeza jambo la siri, nalo lina jibu lisilo na siri yoyote. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Radio Tanzania ilirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, lakini mwanamuziki aliyetaka wimbo wake uwe sahani, uuzwe na kumpa riziki, ilimpasa atazame Nairobi. Mbaraka alikuwa Kenya kwa sababu ndiko ilikokuwa kazi yake. Riziki haikufungiwa mpaka kwa sababu serikali mbili zimenuniana. Jibu hili si tamu kama fununu, ila linatosha.

Sasa nije kwenye lugha. Uvumi unapopingwa, mtetezi wake huwa na ngao moja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imekuwa hakimu, shahidi na karani kwa wakati mmoja. Naona imelazimishwa kazi isiyokuwa yake. Kama ninavyoielewa, methali hii humwonya anayesikia: usipuuze minong'ono, jihadhari, kaa macho. Yahusu tahadhari ya kesho, wala si hukumu ya jana. Mtu aliyekwisha kuzikwa, lipi tena "laja" kwake? Na wahenga hao hao walituachia kipimo kingine tusichopenda kukitumia: habari ya uongo ina ncha saba. Simulizi ya kifo cha Mbaraka ina ncha kama hizo. Wengine husema husuda ya wenzake, wengine uchawi, wengine uzembe wa waliopaswa kumtibu, na kila msimulizi huapa kwa ncha yake. Sitazichambua moja moja, kwani kuzichambua ni kuzieneza.

Ni jinsi uvumi unavyokua ndiyo inayonishughulisha. Twadhani unakua kwa kuongezewa maneno. Tazama vizuri, utaona unakua kwa kupunguziwa. Wa kwanza husema: "Nimesikia huenda alifanyiwa husuda." Wa pili husema: "Inasemekana alifanyiwa husuda." Wa tatu: "Alifanyiwa husuda." Kilichopotea njiani ni "nimesikia", kisha "huenda", kisha "inasemekana". Ni maneno madogo, lakini ndiyo yaliyokuwa yamebeba uaminifu wote wa sentensi. Lugha yetu imetajirika kwa vyombo vya namna hii: yadaiwa, yasemekana, yamkini, labda, nadhani, niliona, niliambiwa. Mwalimu wa Kiswahili huvifundisha kama vielezi na vitenzi tu. Mimi naviona kuwa adabu. Anayeviacha hakukosea sarufi. Amemhukumu mtu, kwa sababu msimulizi wa nne, akiisha kupokea "alifanyiwa", hana la kufanya ila kutafuta mtendaji. Hapo hutajwa jina.

Jina hilo huwa la nani? Huwa la mtu aliyekuwa karibu: aliyepiga naye, aliyekula naye, aliyesafiri naye. Yaani wenye haki ya kwanza ya kumlilia ndio hufanywa washtakiwa, bila mahakama, bila siku ya kujitetea, na mashtaka yasiyokwisha muda. Watoto wao hurithi kesi. Huu ndio uzito wa jambo lenyewe, wala sidhani kwamba tunaucheka tukiutambua.

Mbaraka mwenyewe alijua kuomboleza kwa namna nyingine. Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa huko Isimani siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mbaraka alimwimbia. Kifo kile nacho kilizua mengi ya kusemwa, kwani kilihusu ardhi, ujamaa na hasira. Lakini Mahakama Kuu ilisikiliza kesi, mkulima Said Mwamwindi akahukumiwa, na hukumu ikaandikwa. Leo watu wakibishana juu ya Kleruu, hubishana juu ya maana ya tukio. Tukio lenyewe lina karatasi. Mwombolezaji wake hakupata karatasi ya namna hiyo.

Dhuluma ya pili hatuioni kwa sababu imekaa barabarani. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, jabali jingine la Morogoro, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka akafuata mwaka 1979. Machi 2011, huko Mikumi, mkoa huo huo wa Morogoro, kundi la taarabu la Five Stars lilipoteza watu 13 katika ajali ya basi lililokuwa likiwarudisha safarini. Mpenda uvumi ataona hapo mkono wa mtu, au mkosi wa mkoa. Mimi naona kazi inayomtaka msanii atumbuize hadi usiku wa manane kisha apande gari kwenda mji mwingine. Tukishasema "alirogwa", barabara imeachiwa huru, mwendo umeachiwa huru, uchovu wa dereva umeachiwa huru. Hakuna anayeuliza maswali ambayo majibu yake yangeweza kumwokoa mwimbaji wa kesho.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba zipo nyakati ambazo uvumi ndio uliosema kweli wakati wakubwa wamefunga midomo. Ni kweli, nami siukatai ukweli huo. Mnyonge asiyeweza kuuliza hadharani huuliza kwa kunong'ona, na mnong'ono wake ni swali lenye haki ya kujibiwa. Kosa ni kulifanya swali kuwa hukumu. Nitaambiwa pia kwamba hata penye maandishi uvumi haufi. Hilo nalo ni kweli. Saratani ya Bob Marley, iliyogunduliwa kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, ilimuua tarehe 11 Mei 1981, na hata hivyo wapo wanaosimulia kwamba alitegwa na majasusi. Franco Luambo Makiadi, aliyefariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, midomo ilikuwa imekwisha kumtajia ugonjwa kabla ya pumzi yake ya mwisho, ingawa ndiye aliyetoa wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI mwaka 1987. Maandishi hayamnyamazishi mpenda fununu. Humpa tu mwenye nia njema mahali pa kusimama.

Mahali hapo Waswahili tunapajua. Siti binti Saad alivumishiwa akiwa hai. Alitukanwa kwa asili yake, kwa sura yake, kwa ufukara aliotoka nao Fumba. Alipofariki mwaka 1950 angeweza kuachiwa midomo hiyo hiyo. Lakini Shaaban Robert alishika kalamu akaandika wasifu wake. Leo atakaye kumjua Siti huanza na kitabu. Masengenyo ya wabaya wake tunayapata humo humo kitabuni, yamewekwa mahali pake, kama makovu aliyoyashinda. Kalamu ya mshairi mmoja iliuzidi mji mzima kwa nguvu ya kukumbuka.

Mbaraka hajaandikiwa hivyo. Kanda zake zimo katika hifadhi ya redio, na nyimbo zake zinapigwa kila wiki katika vipindi vya zilipendwa. Sauti tumeitunza, maisha hatukuyatunza. Waliopiga naye wanazeeka na wanatuaga mmoja mmoja, na kila mmoja huondoka na jibu la swali ambalo sisi tumelijaza fununu. Kwa hiyo naomba mawili. La kwanza ni kwa wenye kalamu: nendeni kwa wazee hawa mngali mna wazee, ulizeni tarehe, ulizeni barabara, ulizeni nani alikuwa wapi, na pale wasipojua andikeni kwamba hawakujua. La pili ni kwetu sote. Tunapomsimulia marehemu, turudishe yale maneno madogo tuliyoyaangusha njiani. "Nimesikia" haimpunguzii msimulizi heshima.

Pwani ilikuwa na mbolezi, nyimbo za kumlilia maiti kwa jina lake na kwa matendo yake. Nadhani uvumi ni mbolezi iliyokosa mtunzi: watu wana uchungu, hawana beti, basi hutunga washtakiwa. Kwa kuwa hapa ni ukumbi wa washairi, naweka ubeti mmoja, na wenzangu waongeze.

Gitaa lililovuma, sikizeni kwa makini,
Si uvumi wa lawama, wa vichochoro mjini,
Mwenyewe keshatuhama, amelala kaburini,
Ukweli tupate soma, ukaao kitabuni.