Tunalipia Nauli ya Maganda



Kila msimu wa korosho ukifunguliwa tunaletewa wimbo uleule: tani ngapi zimeuzwa mnadani, meli ngapi zimetia nanga Mtwara, dola ngapi zimeingia. Sisemi hayo ni mambo madogo. Gati jipya la Mtwara watu wa Kusini tulililia miaka mingi, na korosho kupakiwa hapa badala ya kusafirishwa kwa malori mpaka Dar es Salaam ni kheri kwa makuli, madereva na mama lishe wa hapa. Lakini kuna swali moja hawapendi tuulize: ndani ya hayo makontena kuna nini?

Kuna korosho ghafi. Na korosho ghafi, kwa uzito, ni maganda kuliko korosho yenyewe. Ili upate kilo 1 iliyobanguliwa unahitaji kilo 4 mpaka 5 za ghafi. Piga hesabu mwenyewe: katika kila makontena 5 yanayoondoka, zaidi ya 3 ni maganda. Tunayavusha Bahari ya Hindi mpaka India na Vietnam, na nauli hiyo mnunuzi haitoi mfukoni mwake, anaikata kwenye bei anayompa mkulima. Huko yanakamuliwa mafuta ya kutengenezea rangi na breki za magari. Korosho inafungwa vizuri, inakwenda Ulaya na Marekani. Kila hatua hapo ina mshahara wa mtu, na mtu huyo hatoki Tandahimba wala Newala.

Watakwambia Vietnam wana mikorosho mingi. Hapana bwana. Korosho nyingi inayobanguliwa Vietnam inatoka nje: Afrika Magharibi, Cambodia na kwetu. Walichofanya ni kuigeuza bandari kuwa mlango wa kiwanda. Mzigo wa Afrika Magharibi unavunwa nusu ya kwanza ya mwaka, wa kwetu unaanza Oktoba na kuziba pengo. Mashine hazilali, na nyingi mafundi wao walizitengeneza humohumo nchini. Kufikia 2006 walikuwa wameipita India kwa kuuza nje korosho iliyobanguliwa. Wanaingiza ghafi, wanatoa bidhaa. Sisi tunaingiza salfa ya kupulizia mikorosho, tunatoa ghafi.

Na siyo kwamba hatukujaribu. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua kwa mikopo ya nje. Lakini wakati vinakamilika, zao lilikuwa limeanguka: kutoka kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, ubwiriunga ukamalizia. Baadaye viwanda vikabinafsishwa, vingi vikageuzwa maghala. Leo zao limerudi, msimu wa 2017/18 lilivuka tani 300,000, ila ghala limebaki ghala. Jengo lililojengwa kubangua linatunza korosho inayosubiri kwenda kubanguliwa kwa watu. Hivi jamani, hii si aibu?

Tatizo kubwa ni mtaji. Minada inakwisha ndani ya miezi michache. Mwenye kiwanda anayetaka kufanya kazi mwaka mzima lazima anunue ghafi ya mwaka mzima ndani ya miezi hiyo, kwa mkopo wa benki zetu wenye riba inayouma, akishindana na mnunuzi mwenye mkopo nafuu wa nje. Hawezi kushinda. Kwa hiyo tusiambiwe eti vijana wa Kusini ni wavivu.

Dawa ilikuwepo. Korosho ghafi inayokwenda nje inatozwa ushuru, na sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao. Mwaka 2018, Bunge lenye CCM wengi likapitisha Sheria ya Fedha, hela yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini walipinga, wakiwemo wa CCM. Hawakusikilizwa. Miezi michache baadaye minada ikakwama kwa sababu ya bei, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia vijijini, na wakulima wengi wakasubiri malipo miezi na miezi. Tungekuwa na viwanda vyetu, wanunuzi wasingetushika koo kiasi kile.

Ng'ambo ya Ruvuma wana somo. Miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishinikiza Msumbiji kupunguza ushuru wa korosho ghafi. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye wakaweka ushuru wa asilimia 18 hadi 22, na ubanguaji ukaanza kufufuka.

Lakini nisimdanganye mtu. Ushuru peke yake unaweza kumuumiza mkulima, kwa sababu mnunuzi anaukata kwenye bei ya mnadani. Ndiyo maana tunadai mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, ushuru wa ghafi uwe mtaji wa riba nafuu kwa wabanguaji, vikiwemo vikundi vya akina mama na AMCOS, na hesabu zake zibandikwe hadharani. Pili, wabanguaji wa ndani wanunue kabla ya wasafirishaji, lakini kwa bei isiyopungua ya mnada, mkulima asigeuzwe mfadhili. Tatu, aliyeuziwa kiwanda cha umma akakifanya ghala, akirudishe.

Na sisi vijana tuna kazi. Kulalamika kijiweni hakutoshi. Jiunge na AMCOS ya kijiji chako, hudhuria mkutano mkuu, simama uulize: korosho yetu inabanguliwa wapi na nani analipwa? Mgombea akija na wimbo wa tani na meli, muulize ajira ngapi zimebaki Mtwara, Lindi na Ruvuma. Akishindwa kujibu, kura yako unajua pa kuipeleka.